Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Boksi la Tembo

Kwako Shangazi Zaitun,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, kwa hiyo hii ya nne naiandika bila kunyanyua kalamu, ukikuta mahali sikuweka nukta naomba uvute pumzi mwenyewe, maana mimi yangu imeniishia.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, Mkurya wa Itiryo kwa kuzaliwa, nina kibanda cha kutengeneza redio na simu hapa Mugumu, nina mke anaitwa Eunice na watoto wawili, na nina mama mkwe ambaye ni mjane, anaishi peke yake upande wa Ikoma, na huyo mama mkwe ndiye anayeninyima usingizi, ila usimhukumu mapema, yeye hakunikosea kitu, mimi ndiye niliyemkosea na mpaka leo hajui.

Mwaka jana walikuja huku wahandisi wawili vijana kutoka India, kiongozi wao ni dada mmoja anaitwa Revathi, wana kampuni changa waliyoianzisha wakiwa bado chuoni, na alinieleza kwamba serikali yao ina vituo vya kulea kampuni za namna hiyo, vinaitwa vituo atamizi, unapewa chumba, mashine na mtu mzima wa kukuongoza, halafu unapewa ruzuku ya kwanza ya kutengeneza sampuli na kuijaribu, na ukionyesha kwamba imefanya kazi ndipo unapewa ruzuku ya pili ya kutengeneza nyingi. Nilipompigia baba yangu kumweleza akaniuliza, "Sasa hao ni kuku au ni mayai?" nikamwambia baba, wao ni mayai, serikali ndiyo kuku, akasema, "Basi angalia, mura, kijana wangu, usije ukawa wewe ndiye yai viza."

Sampuli yao ni boksi la kufukuza tembo. Linatumia sola, lina kitu cha kuhisi mtikisiko wa ardhi, lina spika, na lina kinasa sauti ambacho rekodi zake nazichukua mimi, na wahandisi wakiomba nawatumia wasikilize kilichotokea shambani, na tembo akikaribia boksi linanguruma kwa sauti ya chui milia, kwa sababu kwao tembo wanaingia kwenye miwa na wakimsikia chui milia wanakimbia. Wakaniajiri niwe fundi wa majaribio, maboksi matatu kwenye mashamba matatu, na shamba la kwanza ambalo mwenyekiti wa kijiji alilichagua kwa kuwa liko pembeni kabisa likitazama hifadhi ni la mama mkwe wangu.

Shangazi, wewe ni mtu wa huku, unajua tunavyoishi. Mimi mama mkwe simpi mkono, sili naye, jina lake halipiti mdomoni mwangu, nikimwona anakuja njia moja na mimi nachepuka, siku moja ya mnada niliingia kwenye mtaro wenye maji ili yeye apite. Kwa hiyo boksi la shambani kwake alilifunga shemeji yangu Kisyeri, mimi nikimwelekeza kwa simu nikiwa nyuma ya kichuguu, akawa ananiambia, "Mura, si uje tu, mama ameenda kisimani," na mimi nikamwambia kisima hakiko mbali.

Basi wiki ya kwanza nikachukua rekodi nikasikiliza, na kusema kweli niliona aibu kwa niaba ya India nzima, maana unamsikia chui milia ananguruma vizuri kabisa, inakuwa kimya kidogo, halafu unamsikia tembo anaendelea kutafuna. Tembo wetu hawajawahi kumwona chui milia, babu zao hawakumwona, wataanzaje kumwogopa? Lakini alfajiri ya siku ya tano nikasikia debe linapigwa, na nyuma ya debe nikamsikia mama mkwe mwenyewe, anawaambia tembo, "Tokeni! Mlilima nyinyi? Mlipalilia nyinyi? Nani aliwaita hapa?" anakohoa, anaendelea, "Mnakula kama mkwe wangu, sahani mnaiacha kama imeoshwa!" anakohoa tena, anapiga debe, na hapo nikasikia vishindo na matawi yanavunjika, tembo wanaondoka mbio. Rekodi hiyo niliirudia mara sita, mara tatu kwa ajili ya tembo na mara tatu kwa ajili yangu, kwa sababu mama huyo hajawahi kuniona nikila, kwa hiyo ni Eunice aliyempelekea habari.

Sasa ndipo nilipokosea. Nilichukua sauti hiyo, nikaisafisha kidogo, nikaiweka kwenye kadi ndogo, hizi za kuhifadhia nyimbo kwenye simu, nikazichomeka kwenye maboksi ya yale mashamba mengine mawili badala ya chui milia, la kwake nikaliacha ili asijisikie. Shangazi, ilifanya kazi! Wiki tatu hakuna tembo aliyevuka, si kwa mama mkwe, si kwa Filemoni aliye jirani yake, si kwa Mzee Okech wa kule bondeni. Filemoni asubuhi ya kwanza alisikia sauti inatoka kwenye nguzo akavua kofia akasema, "Shikamoo mama," akasubiri kuitikiwa, akaambulia kuulizwa nani alimwita hapo. Sasa ananiita Tembo kwa sababu ya yale maneno ya sahani, na watu wa senta nao wana vichekesho vyao, wanasema yule mama siku hizi ana miguu ya upepo, alfajiri moja anasikika mashamba matatu, na wengine wakimwona dukani wanampisha, mimi nacheka nao tu.

Kwenye fomu ya taarifa kuna sehemu ya aina ya sauti na sehemu ya chanzo cha sauti, na Shangazi nilikaa na fomu hiyo siku mbili. Ningeandika nini? Jina lake siwezi kulitaja, sasa niliandike lisomwe na wakubwa wa India? Na wakiomba kusikiliza, watafsiriwe kwamba nakula kama tembo? Nikaandika chui milia. Revathi akapiga simu akilia kwa furaha, akasema jopo la ruzuku limefurahi sana kwamba chui milia wao anaogopwa mpaka Afrika.

Wiki iliyopita mambo yakageuka. Tembo waliingia kwa Filemoni, boksi likapiga kelele kama kawaida, na kwenye rekodi unasikia wamesimama, wanasikiliza, kisha wanakula. Theluthi ya mahindi yake imekwenda. Amekuja kibandani kwangu akasema, "Mura, sauti ya mama imeisha nguvu, mwambie aje mwenyewe." Lakini kwa mama mkwe bado tembo hawavuki, na mimi fundi mzima sijui ni kwa nini.

Na Alhamisi ijayo jopo la kule India litatazama majaribio kwa video, na wakiridhika ruzuku ya pili inatoka, maboksi mia mbili ya chui milia yanaletwa kwa wakulima wa huku kabla ya msimu, na mimi nachukuliwa miezi mitatu kwenye kituo chao nikajifunze ili maboksi yaje kuunganishwa hapahapa Mugumu. Nafasi kama hii mtu wa kibanda haipati mara mbili. Nikisema ukweli nampoteza Revathi, safari na heshima ya ukweni kwa siku moja. Nikinyamaza, majirani watafunga chui milia mashambani wakalale usingizi wakidhani wamelindwa. Eunice hajui lolote. Je, nikubali tu safari halafu nirekebishe mambo nikiwa kulekule India? Nishauri, ila jina langu usilitoe.

Ni mimi,
Mkwe Mwenye Aibu, Mugumu


SHANGAZI ZAITUN ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa kumficha fundi wa maboksi ya tembo hapa Mugumu ni sawa na kumfunika tembo mwenyewe kwa kanga.

Barua yako niliisomea dukani, nikacheka mpaka mteja wa vitenge akaniuliza kama nimepata mjukuu. Nikamsomea habari ya chui milia na tembo anayeendelea kutafuna, akacheka naye, akasahau kuomba punguzo. Mpaka hapo ulikuwa unatufurahisha wote.

Halafu nikafika kwenye miguu ya upepo, nikaweka kikombe chini.

Wewe umezaliwa wapi? Mama mjane, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, sauti yake inasikika mashamba matatu alfajiri moja, watu wanampisha dukani, na wewe unaliona hilo ni jambo la kucheka nao? Kwetu huku maneno ya senta yanaanza kwa mzaha na yanaishia mlangoni kwa mtu. Leo wanampisha, kesho mtoto wa jirani anaugua homa, na keshokutwa mama wa watu anaulizwa maswali na vijana wenye fimbo. Mchawi gani? Mchawi ni kadi ndogo ya simu uliyoichomeka wewe! Unahangaikia ruzuku, safari na sahani yako, na mtu aliye hatarini kuliko wote hata hukumweka kwenye hesabu. Nimekasirika, na nakwambia wazi kwamba nimekasirika.

Basi la kwanza ni hilo, na haliwezi kungoja Alhamisi. Ukimaliza kusoma hapa funga kibanda, nenda kwa Filemoni na kwa Mzee Okech ukatoe sauti hiyo kwenye maboksi yao leo, jua likiwa bado juu.

Sasa tuje kwenye hilo unalosema hulijui. Mimi si mhandisi, nauza vitenge, lakini ninasoma kilichoandikwa. Umeandika kwamba mama anawatukana tembo, anakohoa, anawatukana tena, anakohoa. Umerudia rekodi mara sita na hukujiuliza anakohoa nini? Nilimuuliza yule mteja wangu, ambaye kwao ni huko huko Ikoma, naye hakufikiri hata dakika moja. Akasema, "Si moshi huo! Anachoma pilipili kavu na mavi ya ng'ombe upande unaotoka upepo. Mama yangu anafanya hivyo hivyo, nyumba nzima tunatoka machozi." Unaona? Tembo hawakuogopa maneno ya mama mkwe wako. Wamejifunza kwamba mama huyo akianza kusema, pua zao zitaungua muda si mrefu. Kwa Filemoni walisikia kelele, wakasubiri moshi, moshi haukuja, wakakaribia chakula. Tembo ni mnyama mwenye akili, alikufanyia majaribio wewe wakati wewe unadhani unamfanyia yeye.

Kwa hiyo ulichochukua si sauti tu. Ni ujuzi wa mama ambaye amekesha na tembo miaka mingi, anajua upepo, anajua saa, anajua pilipili kiasi gani, nawe ukakata kipande kidogo cha ujuzi huo ukakiweka kwenye boksi, ukakipa jina la mnyama wa kigeni. Huo ni wizi, mwanangu, hata kama ulifanywa kwa aibu na si kwa tamaa. Najua ulifanya kwa aibu. Ndiyo maana bado nakuita mwanangu.

Kuhusu Revathi, usimfanye mtoto mdogo wa kulindwa na uongo. Ulivyonielezea wewe mwenyewe, serikali yao ilimpa ruzuku ya kwanza ili ajaribu. Haikumpa ili aambiwe ndiyo. Jaribio likijibu hapana, hilo nalo ni jibu, na ni afadhali kulipata kwenye maboksi matatu kuliko kwenye maboksi mia mbili yanayonguruma usiku kucha huku watu wanaliwa mahindi. Ukimwacha asimame mbele ya wakubwa wake akisifia chui milia, unampeleka kusema uongo asioujua, na siku uongo huo utakapofichuka atakayeaibika ni yeye, si wewe uliyejificha nyuma ya kichuguu. Mpigie leo jioni. Mwambie hivi: chui milia wenu huku hajulikani, niliandika taarifa ya uongo, nilichokiona kweli ni hiki hapa. Huenda akalia tena, safari hii si kwa furaha. Vumilia, usikate simu. Akishatulia, mweleze habari ya moshi, kwa sababu binti mwenye akili ya kutengeneza boksi linalohisi mguu wa tembo hatakosa akili ya kulifanya liwashe kibati cha pilipili. Hapo mna kitu kipya cha kupeleka kwenye jopo, na ni kitu cha kweli.

Unaniuliza kama ukubali safari kwanza halafu urekebishe ukiwa kulekule. Hapana. Mtu anayetengeneza paa akiwa ameshahama nyumba simjui. Safari ikivunjika kwa sababu ya ukweli, ivunjike. Mimi naona haitavunjika, maana mpaka sasa wewe ndiye mtu pekee anayejua kwa nini boksi lao lilishindwa, ila hata ikivunjika utabaki na kibanda chako na mtu anaweza kukuachia redio yake bila kuhesabu skrubu.

Sasa mama mkwe. Sikuambii uvunje mila. Nimeishi na majirani Wakurya miaka arobaini na naiheshimu aibu hiyo ya ukweni, imezuia ugomvi mwingi. Lakini mila inakukataza kumkaribia, haikukatazi kumwomba radhi, na kwa kazi hiyo kuna mjumbe. Leo usiku mwambie Eunice kila kitu, pamoja na ya sahani, na akikucheka mwache acheke, ameshiriki. Kesho asubuhi aende yeye na Kisyeri kwa mama yao, wamweleze kwa utaratibu, wamsikilizishe rekodi. Wewe kaa nje ya uzio, umbali unaofaa, na blanketi jipya mkononi, wala usiende nyuma ya kichuguu. Simama mahali anapoweza kukuona kwamba umesimama.

Akikasirika, ana haki. Akitaka sauti ifutwe, ifute palepale mbele ya Kisyeri na usibakize nakala kwenye simu kwa kisingizio chochote. Akikubali itumike, basi mwombeni ruhusa ya jambo la pili, kwamba mwenyekiti aite watu mchana kweupe, Kisyeri alifungue boksi mbele yao, waone kadi, waone spika, walisikie likisema maneno yake huku yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti anawatazama. Na hata kama ameikataa sauti, watu waonyeshwe boksi hivyohivyo na waambiwe na wewe, kwa mdomo wako, kwamba ulikuwa ni mtambo. Waliompisha dukani waje wamsalimie vizuri. Hilo ni deni lako lote.

Na ile fomu irudishwe ijazwe upya. Pale pa chanzo cha sauti, na pale panapoulizwa nani mbunifu, liandikwe jina la mama huyo kamili, na liwepo kwenye makubaliano ya ruzuku ya pili, ili kitakachopatikana kutokana na moshi wake kimfikie na yeye. Unasema jina lake haliwezi kupita mdomoni mwako wala mkononi mwako. Vizuri. Mpe Eunice kalamu aandike, na wewe geukia ukutani mpaka amalize.

Alhamisi jopo likitaka kuona majaribio, kamera ielekezwe kwake, na usishangae wakimwalika yeye India wakakuacha wewe ukibeba mizigo mpaka kituo cha basi. Utabeba, tena kwa furaha, ukitembea hatua ishirini nyuma yake kama mila inavyotaka.

Tembo wa Serengeti nzima wamekwishamheshimu mama huyo bila kufundishwa na mtu. Kesho asubuhi nenda ukasimame nje ya uzio wake, uwe wa pili.